Sola kwa Biashara Ndogo ya Kijijini: Mwongozo Kamili kwa Wafanyabiashara wa Arusha na Kilimanjaro

Mfanyabiashara wa kijijini anapoingia duka la sola mjini Arusha au Moshi, swali lake la kwanza huwa ni bei ya paneli. Muuzaji naye humjibu kwa kutaja paneli aliyo nayo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Paneli ndiyo sehemu inayodumu kuliko zote na inayosumbua kidogo kuliko zote. Kinachoamua kama biashara itasimama ni kazi unayotaka umeme ufanye, saa unazoifanya, na betri itakayobeba kazi hiyo jua likishazama. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kazi, unafika kwenye hesabu, na dukani tunaingia mwishoni tukiwa na karatasi mkononi.

Je, ni sola unayohitaji?

Kama nguzo ya TANESCO imeshafika karibu na fremu yako ya biashara, fikiri mara mbili. Kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ada ya kuunganishiwa umeme kijijini imekuwa shilingi 27,000, kiasi ambacho hakinunui hata betri moja ya maana. Mwenye nguzo jirani atumie umeme wa gridi kwa kazi nzito, kisha awe na sola ndogo ya akiba kwa ajili ya siku za kukatika umeme, yaani taa, mashine ya kunyolea na simu ya uwakala. Sola ya kubeba biashara nzima ina maana zaidi kule ambako nyaya zimepita mbali: maboma ya Longido na Simanjiro, mashamba ya tambarare za Kahe, au kitongoji kilichoachwa upande wa pili wa korongo wakati wenzao wa barabarani wameshaungwa.

Jambo la pili ni joto. Kifaa chochote kinachofanya kazi kwa kuzalisha joto ni adui wa sola ndogo. Pasi hula wati 1,000 au zaidi, draya ya saluni ya kike hufika wati 1,000 hadi 2,000, na jiko la umeme ni vivyo hivyo. Fundi nguo aendelee na pasi ya mkaa na sola imwendeshee cherehani na taa. Mashine ya kusaga nafaka na ya kuchomelea vyuma nazo zinataka mtambo wa aina nyingine na mtaji wa aina nyingine, kwa hiyo haziingii katika mwongozo huu.

Vilevile usitishwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye kifaa kabla hujauliza kinafanya kazi kwa muda gani. Blenda ya wati 500 inasaga juisi kwa dakika moja, na kwa dakika hiyo inakula wati-saa 8 hivi tu, wakati runinga ya wati 45 inayowaka saa nane inakula 360. Muuza juisi wa sokoni Kwa Sadala hana haja ya kuiogopa blenda. Kinachomhusu ni inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, iwe na nguvu ya kuiwasha. Kwa upande wa steshenari ya kuchapa na kutoa kopi, epuka printa ya leza, kwa sababu ndani yake kuna sehemu inayopashwa moto ambayo huvuta wati mamia kwa mkupuo. Chukua ya wino yenye tangi, ambayo hutumia wati chache sana.

Hesabu ya matumizi

Chukua daftari, uchore safu nne: kifaa, wati zake, saa kinazowaka kwa siku, na wati-saa, ambazo ni zao la wati na saa. Wati utazikuta kwenye lebo nyuma ya kifaa au kwenye adapta. Ikiwa lebo imeandikwa volti na ampea tu, zidisha hizo mbili.

Tuchukue mfano wa kibanda cha kinyozi kinachochaji simu na kuuza soda baridi, kazi tatu ambazo vijijini mara nyingi hukaa chini ya bati moja. Taa nne za LED za wati 7 zikiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni zinakula wati-saa 112. Mashine mbili za kunyolea, kila moja wati 12 kwa saa tano, ni 120. Runinga ya inchi 32 yenye wati 45 kwa saa nane ni 360. Simu za wateja 15, kwa makadirio ya wati-saa 20 kila moja pamoja na upotevu wa chaja, ni 300. Spika ya wati 20 kwa saa sita ni 120. Friji ndogo ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya lita 100, ikiwa kivulini na mlango haufunguliwi ovyo, tuihesabie 400. Jumla ni wati-saa 1,412 kwa siku. Ongeza robo yake kwa ajili ya umeme unaopotea kwenye betri, inveta na nyaya, upate 1,765 hivi. Hiyo ndiyo namba ambayo paneli zako zinapaswa kuizalisha kila siku.

Tazama friji ilivyokaa kwenye orodha hiyo: imechukua zaidi ya robo ya umeme wote. Kabla hujaendelea, jiulize kama faida ya soda baridi inalipia robo ya mtambo. Huko Mererani na Kahe, kwenye joto, huenda jibu likawa ndiyo. Kibosho juu, mwezi wa Julai, mteja mwenyewe anaomba soda isiyo ya baridi.

Jua la tambarare na jua la mlimani

Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Tunachohesabu ni saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima uliokusanywa kana kwamba ulikuwa jua kali la mchana. Hesabu hiyo ipangiwe mwezi mbaya, kwa kuwa mwezi mzuri hujipanga wenyewe. Kwetu kipindi kibaya ni masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha baridi ya Juni hadi Agosti, ambapo miteremko ya Kilimanjaro na Meru hufunikwa na wingu na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Kwa tambarare ninashauri uhesabu saa 4.5. Kwa Machame, Marangu, Uru na vijiji vya juu vya Arumeru, hesabu saa 3.5, hata kama muuzaji anakuahidi tano.

Kwa hiyo kibanda chetu kikiwa tambarare kinahitaji 1,765 gawanya kwa 4.5, sawa na wati 392, na paneli mbili za wati 200 zinatosha. Kikiwa mlimani, 1,765 gawanya kwa 3.5 ni wati 504, na hapo utahitaji paneli tatu. Biashara ni ileile, vifaa ni vilevile, lakini mwinuko umeongeza paneli nzima. Ndiyo maana si busara kunakili mtambo wa ndugu yako wa Longido ukaufunge Rombo.

Betri

Hapa ndipo fedha nyingi huenda na hapa ndipo mitambo mingi hufia. Kosa la kawaida ni kutumia betri ya gari, ile ya N70. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, kisha kujazwa papo hapo. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitumia kuwasha runinga hadi usiku wa manane kila siku, baada ya miezi michache itakuwa inajaa haraka na kuisha haraka, na mwenyewe utadhani paneli imeharibika.

Umebaki na uchaguzi wa aina mbili. Betri ya risasi na asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola ina bei nafuu mwanzoni, ila haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, na hata ikitunzwa hivyo huhimili mizunguko mia kadhaa tu ya kujazwa na kutumika. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ina bei kubwa zaidi, lakini unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo wake na inahimili mizunguko 2,000 na kuendelea. Kwa biashara inayoitumia betri kila siku ya Mungu, ninaiona lithiamu kuwa ndiyo rahisi kwa miaka mitano, japo inaumiza siku ya kununua. Betri ya asidi ninaipendekeza kwa anayeanza na taa na simu tu, au kwa mwenye gridi anayetaka akiba ya dharura.

Kwa kibanda chetu, tuseme tunataka betri iweze kubeba siku moja ya wingu, takriban wati-saa 1,600, yaani zile 1,412 za vifaa na nyongeza ya upotevu. Kwa asidi, zidisha mara mbili upate 3,200, ambazo zitabebwa na betri mbili za volti 12 na ampea-saa 150 (volti mara ampea-saa ndiyo wati-saa) zilizounganishwa kuwa volti 24. Kwa lithiamu, 1,600 gawanya kwa 0.8 ni 2,000, na betri moja ya volti 24 yenye ampea-saa 100 inatosha na chenji inabaki.

Joto huzila betri, hasa za asidi: kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Usiiweke chini ya bati lisilo na dari. Iweke chini, kivulini, juu ya ubao, mahali penye hewa, kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Na isikae chumba kimoja na jiko la chai.

Inveta na chaji kontrola

Inveta hubadilisha umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa TANESCO. Jumlisha wati za vifaa vinavyoweza kuwaka kwa pamoja. Kwa mfano wetu, friji ikiwa ya DC na haipiti kwenye inveta, jumla haizidi wati 300, hivyo inveta ya wati 500 inatosha. Ukichagua friji ya kawaida ya AC, yaani ya umeme kama wa TANESCO, kumbuka kwamba mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida, na utahitaji inveta ya wati 1,000. Nunua inveta ya wimbi safi. Zile za bei ya kutupa zenye wimbi la ngazi hufanya mashine za kunyolea zipate moto na kutoa mlio, spika zivume, na mota zife mapema.

Chaji kontrola inasimama kati ya paneli na betri ikisimamia uchaji. Aina ya MPPT huvuna zaidi kuliko PWM, na tofauti huonekana hasa paneli ikiwa na volti kubwa kuliko betri, kama zilivyo paneli nyingi kubwa za siku hizi. Wati 400 kwa betri ya volti 24 ni karibu ampea 17. Chukua ya ampea 30 ili uwe na nafasi ya kuongeza, na uhakikishe imeandikwa kwamba inakubali betri ya aina yako. Kontrola iliyopangwa kwa asidi ikiachiwa lithiamu bila kubadilishwa mpangilio inaweza kuiharibu.

Nyaya

Wengi hununua nyaya kwa chenji iliyobaki. Hebu tuone inavyogharimu. Umeme wa wati 120 kwenye volti 12 ni ampea 10. Ukiupitisha kwenye waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kutoka paneli hadi betri umbali wa mita 10, yaani mita 20 kwenda na kurudi, unapoteza volti 1.4 njiani, zaidi ya asilimia 11 ya umeme ulioulipia. Kwa waya wa milimita 6 upotevu unashuka hadi asilimia 5 hivi. Ukiuhamisha mtambo uleule kwenye volti 24, ampea zinakuwa 5 tu, na hata waya wa milimita 2.5 unapoteza chini ya asilimia 3. Hii ndiyo sababu kwa mtambo unaozidi wati 200 ninahimiza volti 24. Volti 12 iachiwe taa za nyumbani.

Karatasi mkononi, sasa ingia dukani

Bidhaa feki zipo, na nyingine zina lebo nzuri kuliko halisi. Njia ya kwanza ya kuzibaini ni futi kamba. Paneli nzuri ya sasa hutoa karibu wati 200 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paneli ya mita moja kwa nusu mita iliyoandikwa wati 200 ni uongo mtupu, wala huhitaji fundi kukuthibitishia. Njia ya pili ni mizani: betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na uzito wa kilo 28 au zaidi, na ukiinua ya kilo 18, risasi imepungua ndani. Lithiamu ya ukubwa huo huwa nyepesi kihalali, kilo 10 hadi 13. Njia ya tatu ni kuomba paneli itolewe juani na kupimwa kwa mita: paneli ya wati 100 ya kundi la volti 12 inapaswa kuonyesha volti 20 na zaidi bila mzigo, na takriban ampea 6 nyaya zake zikiguswishwa kupitia mita saa sita mchana. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

Dai risiti na hati ya dhamana yenye namba ya bidhaa, kisha uulize dhamana hiyo inashughulikiwa Arusha au Moshi, au ni lazima betri isafirishwe Dar es Salaam kwa gharama yako. Kuhusu fundi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme. Muombe akuonyeshe yake.

Kufunga

Sisi tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zitazame kaskazini zikiwa na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo unasaidia mvua kusafisha vumbi, na pia unazipa jua zuri mwezi Juni na Julai linapokuwa upande wa kaskazini. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili hewa ipite, kwani kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza uzalishaji kwa takriban asilimia 0.4, na juu ya bati la mchana paneli hufika nyuzi 60 bila shida.

Kivuli ni jambo zito katika kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Seli za paneli zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo jani moja la mgomba likilala juu ya kona linaweza kuangusha sehemu kubwa ya uzalishaji, si kona hiyo peke yake. Simama kwenye paa saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uangalie vivuli vya migomba na migrivea vinaangukia wapi. Mgomba unakua haraka, kwa hiyo panga na wa mwakani.

Weka fyuzi karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kwenye upande wa DC tumia sakiti breka za DC, kwa kuwa zile za AC hushindwa kuuzima moto wa cheche. Chimbia nondo ya ardhini na uunge fremu za paneli kwa ajili ya radi. Wakati wa kuunganisha, betri ndiyo inayotangulia kuingia kwenye kontrola, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza. Mwisho, fremu ichomelewe au ifungwe kwa boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, maana paneli iliyofungwa kwa waya wa kuku hailali usiku mwingi pale juu.

Kwa anayevuta maji

Mkulima wa vitunguu au nyanya ana bahati ambayo kinyozi hana: anaweza kuachana na betri kabisa. Pampu ya sola huvuta jua likiwapo, maji yakahifadhiwa kwenye tangi lililoinuliwa. Hesabu yake ni nyepesi. Kuinua lita 1,000 kwa mita moja kunahitaji wati-saa 2.7. Lita 10,000 kwa siku zikipandishwa mita 30 ni wati-saa 820 hivi, na kwa kuwa pampu ndogo pamoja na mabomba hupoteza zaidi ya nusu, hesabu 2,000, yaani paneli za wati 450 kwa tambarare. Kabla ya kuchimba kisima au kuingiza bomba mtoni, pitia ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliyopo Moshi kwa ajili ya kibali cha kutumia maji.

Fedha

Linganisha na unachochoma sasa. Jenereta ndogo ya petroli inayokula nusu lita kwa saa, ikifanya kazi saa tano, ni lita 2.5 kwa siku. Tuseme lita ni shilingi 3,000: hiyo ni shilingi 7,500 kwa siku, 195,000 kwa siku 26 za kazi, na 2,340,000 kwa mwaka, bila oili wala plagi. Gawa bei ya mtambo wako kwa 195,000 na utajua ni miezi mingapi ya petroli. Ikizidi miezi 24, rudi kwenye orodha ya vifaa upunguze.

Mfumo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu si mgeni kwetu, kwani kampuni ya Off Grid Electric ilianzia Arusha miaka ya mwanzo ya 2010. Kabla ya kusaini, jumlisha malipo yote hadi mwisho wa mkataba uyalinganishe na bei ya taslimu, na uulize mtambo unakuwa wako lini na unafungwa baada ya siku ngapi za kuchelewa. SACCOS na VICOBA ni njia nyingine. Kwa vikundi vilivyosajiliwa, ipo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Betri isihesabiwe kuwa mali. Igawe bei yake kwa miezi unayotegemea idumu, na kiasi hicho kitolewe kila mwezi kabla ya faida, kama unavyotoa kodi ya fremu.

Matunzo

Futa paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema, kioo kikiwa cha baridi. Mlimani mara moja kwa mwezi inatosha, ila Longido na Simanjiro wakati wa kiangazi itakuwa kila wiki. Betri ya asidi yenye vifuniko iongezwe maji ya betri yaliyokenekwa (distilled water), kamwe isiongezwe asidi. Kila asubuhi kabla ya kufungua, soma volti kwenye kontrola na uiandike. Kwa betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika, 12.7 ni kujaa na 12.2 ni nusu. Ikiwa asubuhi tatu mfululizo inasoma chini ya 12.2, kuna kitu kimeongezeka kwenye mzigo au kivuli kimeongezeka juu ya paa.

Biashara ikikua, paneli zinaweza kuongezwa wakati wowote ilimradi kontrola ina nafasi ya ampea na volti. Betri mpya ya asidi isiunganishwe na ya zamani, kwa sababu ile ya zamani itaivuta mpya chini na utajikuta unanunua zote mbili upya.